Maziwa ya Kukata Sumu

Huku kwenye pamba kila mtu ni daktari wa sumu. Ukipulizia dawa shambani ukarudi kichwa kinagonga, hakuna anayekuuliza maswali. Unapewa maziwa yangali na joto la ng'ombe, unakunywa, unalala. Maziwa yanakata sumu. Nani kasema? Hajulikani, lakini thubutu kubisha mbele ya mama wa Kisukuma uone utakavyotazamwa. Milembe, mke wa Masunga, aliyaamini maziwa hayo tangu angali tumboni mwa mama yake, na ndiyo maana binti yake Nancy alipoanza kukohoa mwezi wa tatu, hakumpeleka popote. Alichukua kibuyu akaenda zizini.

Nancy alikuwa kidato cha tatu Bariadi mjini. Kutoka kijijini kwao hadi shuleni ni mbali, kwa hiyo wazazi walimpangia chumba na mwenzake Anna, nyuma ya stendi. Ijumaa anarudi nyumbani, Jumamosi anamsaidia baba yake kazi, Jumapili anaimba kanisani. Na kuimba kwenyewe sasa! Wazee waliokuwa wakisinzia tangu somo la kwanza walikuwa wanaamka akianza yeye. Milembe alikuwa anakaa benchi la pili makusudi, ili anayenyoosha shingo kumtazama mwimbaji amwone na mama mtu. Tusimseme vibaya, mwenye mtoto kama yule nani asingeringa?

Jumamosi moja Masunga alipulizia dawa ya funza wa vitumba, Nancy akimchotea maji na kumjazia bomba la kupulizia. Kitambaa cha puani hakuna, glavu hakuna, nani anazo? Kesho yake, katikati ya wimbo wa kutoa sadaka, Nancy akanyamaza. Alisimama mbele ya watu mdomo wazi, pumzi haipo. Kisha kikaja kikohozi kikavu, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria, na kikawa hakiishi. Mwalimu wa kwaya alimshika mkono akamtoa nje.

Milembe alimsubiri mumewe mlangoni pa kanisa, wala hakujali nani anasikia.

"Umeona? Umeona dawa yako ilivyomfanya mtoto?"

Masunga ni mtu wa maneno machache. "Bomba nilibeba mimi. Mbona mimi sikohoi?"

"Wewe kifua chako cha maksai! Huyu mtoto!"

Masunga akatazama chini. Na hapo, kwa kuinamisha kichwa tu, akawa ameikubali kesi.

Kuanzia siku hiyo ikawa maziwa asubuhi, maziwa mchana, maziwa jioni. Shule iliambiwa mtoto anaumwa. Milembe alikuwa anamsimamia hadi kikombe kiishe, na kama kinabaki kidogo anamalizia Salu, mdogo wake Nancy, wa darasa la pili, ambaye alikuwa hamwachi dada yake hata akienda msalani. Nancy alikunywa bila kumtazama mama yake usoni. Alikonda. Akipanda vijiwe viwili vya barazani anashika ukuta. Jioni moja akamwambia mama yake, taratibu, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu:

"Mayu, labda si dawa ya pamba."

"Si dawa, ni nini?"

Nancy akakitazama kikombe.

"Basi kunywa, ng'wanone, kunywa mwanangu."

Laiti angeuliza mara ya pili! Hakuuliza. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hana haja ya kuuliza. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba kifua kile kisifunguke tena, na hofu hiyo alikwisha kuipa jina, nalo lilikuwa jina la mumewe. Masunga naye akaacha kupulizia kabisa. Funza wakaingia kwenye vitumba wakala kama waliokaribishwa, majirani wakampigia kelele, yeye akawa anapita kando ya shamba lake bila kugeuka.

Midomo ya Nancy ilipoanza kugeuka rangi ndipo walipokodi gari kwenda hospitali. Daktari alikuwa mama mmoja wa Bukoba, Matilda, mpole, mwenye kusikiliza kwa macho yote mawili. Alimwekea Nancy oksijeni, akapiga picha ya kifua, akaitazama picha ile muda mrefu. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Nancy, unavuta kitu chochote? Sigara, shisha, chochote? Sikuulizi nikugombeze."

Nancy akamtazama mama yake. Akafungua mdomo chini ya ile barakoa ya oksijeni. Milembe alikuwa amekwisha kusimama.

"Sigara? Daktari, umemwona huyu? Huyu mtoto wa kwaya! Anaimba mbele ya padri! Ni dawa ya pamba, baba yake alimpeleka kupulizia bila hata kitambaa. Sigara waulizeni watoto wa mjini huko, si mwanangu!"

"Mama, nimemuuliza yeye."

"Mwulize. Nancy, mwambie daktari."

Mtoto angesema nini, na mama amesimama pale na kitenge chake cha Jumapili, machozi yanamlengalenga kwa kutukaniwa binti? Nancy akatikisa kichwa, hapana. Daktari akaandika alichoambiwa. Wakatibu walichoambiwa, na nimonia juu yake. Milembe akawa analeta maziwa kwenye chupa ya chai kila asubuhi, na muuguzi akisema mgonjwa hawezi kumeza, anamsubiri ageuke, anamlowesha midomo kwa kidole.

Nancy alikufa Jumatano mchana, mama yake akiwa ameenda kusuuza chupa.

Walimzika nyumbani, kama ilivyo desturi, upande wa shamba la pamba. Kwaya ilikuja ikaimba bila yeye, na wimbo ulikuwa umepwaya kila mtu akasikia. Jikoni kwenye masufuria ya msiba wanawake walisema waziwazi: Masunga kamuua mtoto kwa dawa. Maneno hayo yalimfikia. Baada ya watu kutawanyika alilitoa lile bomba stoo, akaliweka juu ya jiwe, akalipiga kwa jembe mpaka likawa vipande. Milembe alimtazama kutoka mlangoni na hakumwonea huruma hata chembe. Akahamishia mkeka wake chumba cha watoto, akalala na Salu, kichwa chake kwenye mto wa Nancy.

Mto ule aliushona mwenyewe. Aliujaza pamba ya mchumo wa kwanza, ile nyeupe isiyo na jani, mwaka Nancy alipofaulu kwenda sekondari. Ulikuwa na harufu tamu, ya kama pipi. Milembe hajawahi kuliona tunda la strobeli maishani mwake. Kwake ile ilikuwa harufu ya Nancy, mafuta ya wasichana wa mjini pengine. Aliivuta usiku hadi usingizi umchukue. Mashangazi walipokuja kumaliza matanga na kugawana nguo za marehemu aliwapa kila kitu, magauni, viatu, rozari, lakini mto aliukumbatia kama mtu anayenyang'anywa, nao wakamwachia.

Pamba ya mwaka huo haikujaza hata chumba. Ilipokwisha kuuzwa, jua la kiangazi likawa kali, Milembe akaona autoe mto nje, aufumue, aianike pamba yake, kwa sababu pamba isiyoanikwa inafanya uvundo na yeye alitaka mto ule udumu. Akakata uzi. Akaingiza mkono hadi katikati ya pamba, kichwa kisikofika. Akashika kitu kigumu.

Vilitoka kimoja kimoja, vidude vya plastiki vyenye unene wa kidole gumba, rangi za pipi: waridi, kijani, njano, zambarau. Vikawa rundo juu ya kanga. Kila kimoja kina kitundu kama mdomo wa filimbi. Milembe akadhani ni rangi za midomo, akatafuta kifuniko, hakuna. Akakileta kimoja puani. Ile harufu. Ile aliyolala nayo miezi yote, akiibusu, akiililia.

Alivifunga kwenye kanga akaenda mjini hivyohivyo, na vumbi la pamba kwenye nywele. Anna alimkuta amekaa kwenye ngazi ya chumba. Binti yule alipofunuliwa kanga alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Ni vepu, mama. Shisha ya mfukoni. Wengi shuleni tunazo. Walituambia ni mvuke wa maji tu, na ladha."

"Maji."

"Nancy ilimkamata sana. Alikuwa anaamka usiku kuvuta. Nilimwambia punguza, akasema akiacha anatetemeka, hawezi hata kusoma. Zikiisha alikuwa hazitupi nyumbani, anasema mama ataziokota."

"Na mbona hakuniambia?"

Anna akajifuta pua kwa mkono wa sare. "Alisema atakwambia. Alisema ulikuwa unamletea maziwa."

Duka walikovinunua halikuwa mbali. Kijana ananing'iniza makava ya simu, chaja, na nyuma ya kioo, karibu na bazoka za watoto, vidude vilevile vimepangwa kwa rangi. Milembe aliimwaga kanga yake juu ya kioo.

"Mwangaluka, mayu," kijana akamwamkia, kisha akatazama. "Hivi vimeisha, mama. Havijazwi tena. Ni vya kutupa."

"Vya kutupa wapi?"

"Popote. Ndivyo vilivyotengenezwa, unavuta, unatupa." Akaonyesha kwa kidevu. Mtaroni mbele ya duka, kati ya chupa na magunzi, vilikuwamo vingine vingi, rangi zimepauka, vinangoja mvua ivipeleke mtoni.

"Mwanangu amekufa."

Kijana akaliweka chini kava aliloshika. Alikuwa mdogo, pengine rika la Nancy. "Pole, mayu. Mimi nauza tu."

Angepiga nini, kioo? Alivizoa, akavifunga tena, akarudi navyo, kwa sababu alishindwa kuviacha mtaroni vilivyogusa midomo ya mwanawe.

Masunga alikuwa zizini. Milembe alimweleza yote akiwa amesimama, sauti kavu. Masunga alisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa chini palepale kwenye samadi, mtu mzima yule, kofia mkononi.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

Hakufurahi. Nani angefurahi? Miezi yote alikuwa amebeba maiti ya mwanawe peke yake, sasa anaambiwa atue, na mikono yake haijui tena kutua.

"Mtoto alitaka kumwambia daktari," Milembe akasema. "Nilimjibia mimi."

Masunga akavaa kofia, akainuka, akaipokea ile kanga. 

Wakajaribu kuvichoma. Cha kwanza kilipasuka motoni kwa kishindo, kikarusha kaa hadi kwenye nyasi za paa la jiko, na moshi wake ukawatoa machozi. Wakavitoa kwa fimbo. Chooni Masunga alikataa, kisima kiko jirani. Lamboni ng'ombe wanakunywa. Mwisho alichimba shimo pembeni mwa shamba, akavifukia, akakanyaga. Alichimba kina cha jembe, zaidi ya hapo mkono ulimchoka.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokuja walilima, maana tumbo halifanyi msiba. Masunga alishika plau, Salu akatangulia mbele ya maksai akiwaongoza, Milembe akafuata nyuma na mbegu. Hawakuwa wanasemezana sana, lakini alikuwa amerudi kulala chumba kimoja na mumewe, na Salu alikuwa na afya, anacheka, ana sauti nzuri pia. Mwalimu wa kwaya alikwisha kumtaja. Milembe alikuwa anamtazama mtoto yule mgongoni na kujiambia, basi, nimebakiwa na huyu.

Walipogeukia pembeni, plau ikafukua. Vidude vile vikatoka na udongo, waridi na kijani, havijaoza hata kidogo. Maksai wakasimama. Salu akarudi nyuma, akaokota kimoja, akakifuta kwenye gauni, na kabla mama yake hajafika akakitia mdomoni. Si kwa kujaribu. Alikishika kwa vidole viwili, akafumba macho, akavuta kwa utulivu, kama mtu anayejua.

"Salu!"

Mtoto akashtuka. Kisha akakitikisa kidude, akakitazama kwa kukisikitikia.

"Hiki kimekufa, mama. Kile changu bado kinawaka."

Milembe akapiga magoti kwenye udongo tifutifu. "Chako kipi?"

"Alichonipa dada, nisikwambie. Navuta kidogo kidogo tu kisiishe." Salu akawatazama mmoja baada ya mwingine, hajui kosa lake. "Kinanukia dada."

Akakohoa. Mara moja, kavu, akajifuta mdomo.

Masunga aliiachia plau ikaanguka. Milembe tayari alikuwa amesimama, anakimbia, hajui anakimbilia wapi, na miguu ikampeleka ilipozoea. Alijikuta zizini, kibuyu mkononi, amechuchumaa chini ya ng'ombe, maziwa yanaingia. Kilipofika nusu ndipo alipokumbuka kwamba hayakati kitu. Akaendelea kukamua, kwa sababu hakujua mama anafanya nini kingine.