Kalori Sifuri

Dada alilitikisa kopo la kiungo juu ya kabichi ya kuchemsha mpaka kabichi ikabadilika rangi.

"Punguza mkono, dada."

"Soma kopo, Daktari Nusu. Kalori sifuri."

Ndivyo wanavyoniita humu ndani tangu niache chuo, masomo ya lishe yakiwa yamefika katikati. Na kwa kuwa niliwahi kuwaaminisha kwamba tango likikatwa kwa urefu linanenepesha, nikifungua mdomo wanaanza kucheka kabla sijamaliza.

"Sifuri kweli," nikasema. "Hata chumvi tupu haina kalori. Maji ya bahari pia hayana. Nenda kanywe."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, leo mdogo wako katuletea bahari."

Sikuwa natania. Dada ana presha, na lile kopo karibu lote ni chumvi. Alikuwa anavimba. Pete ya ndoa ilishazama kidoleni, na akivua soksi miguu inabaki na mfereji. Kila asubuhi anapanda mzani, anakuta uzito umepanda. Anadhani ni mafuta, kumbe ni maji yaliyozuiwa na chumvi. Basi anapunguza chakula, na njaa ikimkaba anaongeza kiungo, kabichi ipate kupita kooni.

Jumapili mchana nikalificha kopo ndani ya buti la mvua. Dada wala hakugomba. Alifungua droo, akatoa jingine.

"Mdogo wangu, nakujua. Ninayo kila chumba."

"Twende tukapime presha. Nakuomba."

"Wewe ukiomba kwa adabu ndiyo naogopa. Huko umenipangia nini?"

"Mwache mwenzio ale," shemeji akadakia.

Dada akatikisa kopo. Akatikisa tena, na safari hii unga ukawa unamwagika mezani, kando ya sahani.

"Kichwa kinanigonga," akasema. Akafikicha macho. "Nani kazima taa?"

Jua lilikuwa limejaa dirisha zima.

Shemeji akapiga meza kwa raha. "Haya, Daktari Nusu, leo umepatikana. Mwenzio naye kajifunza utani wako."

Dada hakucheka. Alikuwa anapapasa meza akitafuta sahani iliyokuwa mbele yake. Nikamshika mkono, nao ulikuwa mzito, umejaa kama glavu iliyotiwa maji.

"Shemeji, leta funguo za gari."

"Kumbe mmepanga wote wawili," akasema, akijifuta machozi ya kicheko.