Digrii Kwenye Mwavuli

Kila Jumapili wazazi wa jiji la Changsha, China, huja bustanini kuwatafutia watoto wao wachumba. Kila mmoja hufungua mwavuli wake, akauweka chini, akabandika juu yake karatasi yenye sifa za mwanawe. Kwenye karatasi ya Shen Guizhen neno moja liliandikwa kwa wino mwekundu: Uingereza.

Neno hilo lilimgharimu nyumba. Binti yake, Yitong, alifeli mara mbili mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili, na siku hizi ofisi hazimtazami asiye na uzamili. Uingereza walimpokea bila mtihani, kwa masomo ya mwaka mmoja tu. Guizhen akauza nyumba, akapanga chumba, akijipa moyo kwamba mshahara wa Yitong ungerudisha yote. Mshahara wenyewe mpaka leo haujaonekana.

"Mwaka mmoja?" Mzee Pang, ambaye mwanawe ana kazi serikalini, aliinama akasoma. "Dada, digrii hizo siku hizi zimejaa kama mchicha sokoni. Nyumba mnayo?"

"Tunayo. Vyumba vitatu."

"Na binti anafanya kazi wapi?"

"Benki."

"Benki gani hiyo isiyo na wanaume?" akadakia mama wa mwavuli wa jirani, na wenzake wakaangua kicheko.

Pang naye alicheka, lakini akatoa simu wapeane namba. Moyo wa Guizhen ulidunda kwa furaha. Mwaka mzima anachomwa na jua pale, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kutoa simu.

Mara Yitong akaja mbio kutoka langoni, amevaa jaketi la njano la wapeleka vyakula na kofia ya pikipiki, mkononi bakuli la tambi. Alikuwa amechepuka kidogo kazini ili mama yake asishinde na njaa.

"Huyu nani?" Pang akauliza.

"Simjui," Guizhen akajibu bila kusita. "Wa mgahawa huyo. Niliagiza chakula."

Yitong akasimama. Aliisoma karatasi, akamtazama mzee, kisha akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshageuza uso.

"Tambi zako, shangazi," akasema. "Ila hujalipia. Yuan kumi na nane."

Guizhen alitoa simu, akalipa. Yitong akashukuru kwa adabu ya kazini, akaondoka.

"Masikini," Pang akasema. "Eti wengine wao nao wana digrii."

Guizhen akacheka naye, kwa sauti, na Yitong alikuwa bado hajafika mbali.