Marehemu Asiye na Mtani

Kila asubuhi Sauda hufungua redio kabla hajafungua kopo la majani ya chai, kwa sababu wateja wake pale Kasokola hufuata habari kuliko vitumbua, ingawa wanacholipia ni vitumbua. Mwaka ule wa uchaguzi habari zilikuwa nyingi. Msomaji akimaliza, Sauda alipunguza sauti, na watu wote wakamgeukia Mzee Obadia mwisho wa benchi ili awaambie wamesikia nini.

Obadia alikuwa fundi baiskeli. Alitoka Burundi mgongoni mwa mama yake, bado ananyonya, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, akaoa huko, kisha akahamia Kasokola. Siku aliyopewa uraia aliimba wimbo wa taifa beti zote mbili bila kuchungulia mdomo wa jirani. Watu waliendelea kumwita Mrundi, kwa upendo kabisa, kama mtu mwingine anavyoitwa Mrefu.

Mwaka huo redio ilileta sana habari za nchi za ng'ambo zinazokamata watu na kuwapakia kwenye ndege warudi walikotoka. Pale kibandani watu walisikitika kweli. Maximilian, Mpimbwe wa Mamba mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapo jirani, alisema ubaguzi ni dhambi, mtu mweusi atanyanyasika mpaka lini. Masunga, Msukuma mwenye ng'ombe, alimuunga mkono, jambo la nadra, maana hao wawili ni watani na siku ikipita bila kutukanana hawasikii raha.

"Kule mtu anaulizwa katoka wapi hata kama kazaliwa pale pale," Obadia alisema. "Unaishi begi liko mlangoni."

Wote walitikisa kichwa kwa uchungu. Kisha Maximilian akamwomba Mrundi ampitishie sukari.

Obadia alikufa mwezi wa tisa, kwa presha, kampeni zikiwa zimepamba moto. Mazishi yalikuwa shambani kwake na watu walijaa, kwa sababu hakuna baiskeli ya Kasokola ambayo hakuwahi kuishika. Mchungaji alisoma, vijana wakashusha jeneza kwa kamba, wakaanza kujaza udongo. Jeneza likapanda. Halikuruka wala kutikisika, lilipanda taratibu kama gogo majini mpaka likatulia usawa wa nyasi. Wakalishusha tena, safari hii wanaume wakasimama juu yake. Likapanda nao.

Mchungaji alitazama saa. Mzee Apolinari, Mfipa ambaye amechimba makaburi tangu ujanani, alijifuta mikono kwenye suruali.

"Marehemu hajataniwa," alisema. "Mtani wake nani hapa?"

Huko Katavi msiba hauendi bila watani. Mtu akifa, watu wa kabila lenye utani na lake huja kufanya vituko. Wanalala kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe jogoo, wanajipaka unga, wanamwambia marehemu amka mlafi wewe, ugali umeiva. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na udongo unakubali. Ila mtani hachaguliwi na mtu mmoja, utani ni wa kabila na kabila. Anayeingia kaburini anatangaza mbele ya watu wote kwamba wa kwenu na wa kwetu tulishakaa pamoja.

"Sisi Wasukuma watani wetu tunawajua," Masunga alisema. "Warundi sijawahi kusikia."

"Sisi pia hapana," alisema Apolinari.

Mtu mmoja wa nyuma alishauri waitwe watani wa marehemu kutoka Burundi. Ilionekana ni wazo zuri, mpaka Romana, binti wa marehemu, aliposema kwamba huko hakuna hata mmoja anayemjua baba yake. Watu wakamtazama Maximilian, ambaye ana utani na nusu ya makabila ya mkoa na hajawahi kukosa msiba. Maximilian alikuwa akitoa udongo kwenye kiatu kwa kijiti, na kazi hiyo ilimchukua muda mrefu.

Waliliacha jeneza kando ya kaburi, wakaliwekea bati kwa ajili ya jua.

Obadia alivumilia siku chache. Kisha asubuhi moja, redio ilipopiga saa moja, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na suti yake ya kuzikiwa, pamba puani. Sauda alimmiminia chai kama kawaida. Hakuinywa, na Sauda aliimwaga ikishapoa, akaendelea hivyo kila siku bila kunung'unika. Watu walimpa pole kwa safari. Habari zilipokwisha walimgeukia, naye akazichambua vizuri kuliko alipokuwa hai, kwa sababu sasa hakuwa na cha kuogopa. Alisema vita vya Kongo vinapiganwa na wenye njaa kwa faida ya walioshiba. Alisema mgombea anayeahidi maji wakati wa kiangazi aseme nani aliyeyaficha. Biashara ya Sauda ilichangamka.

Lakini jioni, akirudi kwenye jeneza lake, alimwambia Romana jambo ambalo kibandani hakulisema.

"Miguu inaniuma, mwanangu. Nimechoka. Nataka kulala."

Romana aliumia mno. Nyumba ilikuwa bado ya msiba, mikeka imetandikwa, hakuna aliyejua lini waanue tanga. Alimkanda baba yake miguu kwa maji ya moto, ingawa miguu hiyo haikushika joto. Kesho yake alikwenda mashineni kwa Maximilian na kumngoja azime injini.

"Baba mdogo, nimekuja kwa ajili ya mzee."

"Najua, mwanangu."

"Ni dakika chache tu. Uingie, umtukane kidogo. Jogoo ninaye."

Maximilian alichota pumba kwa kiganja, akaziacha zianguke. Mwaka huo alikuwa akimpigia debe mgombea udiwani ambaye kila mkutano alisema kata iongozwe na wenyeji, na akitamka wenyeji alielekeza mkono upande wa barabara ya Katumba.

"Nikimtania pale mbele za watu, nitakuwa nimesema yeye ni wa hapa," alisema.

"Kwani si wa hapa?"

"Mimi ninajua ni wa hapa. Huyo ni ndugu yangu kabisa. Ila nyie hamuelewi, mwaka huu mambo yamekaa vibaya. Uchaguzi upite kwanza."

Alikuwa akisema kweli, na machozi yalimlengalenga. Alimpa Romana mchele wa msiba, ule usiovunjika, akakataa shukrani.

Uchaguzi ukapita. Kwa siku kadhaa mtandao haukupatikana, watu walikaa ndani, na redio ikapiga muziki. Sauda alipofungua tena kibanda, Obadia alikuwa amekwisha kufika. Muziki ulipokoma walimgeukia kwa mazoea. Aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama redio, akanyamaza. Wakanywa chai yao wakaondoka, na ikawa asubuhi pekee ambayo hakuna aliyebishana.

Mgombea wa Maximilian alishinda. Romana alirudi mashineni, akaambiwa asubiri diwani aapishwe. Diwani akaapa. Akaambiwa si vizuri kumwanzishia diwani kazi kwa mambo ya makaburi, wangoje mwakani. Maximilian alizungumza kwa upole kila mara, na kila mara alimpa mchele. Romana angependa walau amfukuze.

Mvua za kwanza zilijaza kaburi. Romana aliyakomba maji kwa ndoo, akashuka mwenyewe akiwa amejipaka unga usoni. Akamtukana baba yake kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifipa kidogo alichookota sokoni. Akamwita mlafi, mvivu, mwizi wa nati za baiskeli. Obadia, aliyekuwa amelala ndani ya jeneza pembeni, alicheka mpaka pamba zikamtoka. Wakalishusha. Likapanda. Apolinari alimshika Romana mkono akamtoa, akamweleza bila kumkaripia kwamba mtoto hana utani na baba yake.

Mwisho wa mwaka redio ilitangaza matukio makubwa ya miezi yote kumi na miwili. Walikuja watu hata kutoka Mpanda mjini kumsikia Obadia akiyachambua, na Amri, mume wa Sauda, aliazima viti msikitini. Zilipofika habari za wale wa ng'ambo wanaopakiwa kwenye ndege, watu walisikitika upya. Masunga alisema anaomba Mungu awape moyo watu wa huko wamtambue jirani yao. Maximilian aliitikia amina.

"Mzee, hili unalionaje?" aliuliza Sauda.

"Nchi hizo ziko mbali," Obadia alisema. "Za mbali zinaonekana vizuri sana."

Walimpigia makofi, na wengine waliyarudia maneno hayo hadi mjini.

Mwezi wa pili alikufa Agatha, mshona nguo, naye mzaliwa wa Katumba. Naye hakushuka kaburini. Alijiunga na Obadia kwenye benchi, kisha akaja mwalimu mmoja mstaafu wa huko huko, kisha mapacha waliozeeka pamoja. Sauda alisogeza jiko nje kupata nafasi. Wageni wanasema hakuna kibanda chenye mazungumzo mazuri kama kile katika mkoa mzima, na diwani mwenyewe hupita pale akitaka kujua watu wanafikiri nini. Huwasalimia marehemu kwa heshima zote na kuwaita wageni wetu.

Romana alianua tanga bila kuzika. Mavuno yalipotoka alikwenda kwa Ponsian, fundi seremala anayetengeneza majeneza ya kata nzima. Ponsian alimpa pole, akachukua futi yake, akamuuliza safari hii ni la nani.

"Sitaki jeneza," Romana alisema. "Nitengenezee kiti. Kiwe na egemeo, nipime mimi, na miguu yake uifanye imara, nitakaa sana."