Mizani ya Papa na Injini ya Tononoka

Ile injini niliitoa mimi mwenyewe kwenye kinu cha mahindi kule Tononoka, nikaifunga ndani ya boti ya Zilpah, na hadi leo ikiwashwa asubuhi hunguruma kwanza kama inayodai gunia lake. Sasa Zilpah, anayewapelekea wavuvi barafu kutoka Liwatoni, kasema imechoka. Mnunuzi wa vyuma chakavu angekuja kuichukua alasiri.

"Niachie leo tu," nikamwambia. "Nitaiongezea nguvu."

"Mzee, si wewe uliyesema uliipa treni nguvu hata ikaivuta stesheni ya Mazeras?"

"Hatua mbili tu. Anayebisha akapime."

Akacheka. "Haya. Lakini isipovuta zaidi ya inavyovuta sasa, inakwenda zake."

Kupima kwetu ni hivi: boti hufungwa kamba nyuma, kamba ikatiwa kwenye mizani ya kutundika, ile ya kupimia papa, na mizani ikafungwa kwenye nguzo ya gati. Injini ikivuta, mshale unasema. Tsofa, nahodha wa boti, akashika usukani, mimi nikashika spana. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia tuli. Mshale ukasimama kwenye kilo themanini.

Chini ya pampu ya dizeli kuna vibati vyembamba kama ukucha. Ukitoa kimoja, dizeli inarushwa mapema ndani ya silinda, ukiongeza, inachelewa. Nikatoa kimoja. Tisini. Nikatoa cha pili. Mia. Tsofa akaanza kuniita injinia.

Hapo ningeacha. Lakini nilitaka kumwonyesha itakavyoshuka, nikavirudisha vyote viwili.

Mia na kumi.

"Umevirudisha kweli?" akauliza Tsofa.

"Mbele ya macho yako."

"Basi mzee wangu, hii haitaki kutolewa wala kutiwa. Inataka kushikwashikwa tu."

Nikabadilisha nozeli inayorushia dizeli, ikapanda. Nikarudisha nozeli kuukuu, ikapanda. Nikaifuta kwa tambara, nje tu, kama anavyofutwa mtoto kamasi, ikapanda tena. Nikaanza kuiogopa. Vibati vingine vilikuwa mfukoni, vingine kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na sikujua tena kipi cha injini, kipi cha akiba.

Zilpah akaja, akautazama mshale, akatutazama sisi.

"Zimeni."

Tsofa akazima. Mshale ukashuka hadi arubaini, ukakaa hapo.

"Imezimwa na bado yavuta," nikasema polepole. "Hata ile treni haikufika huku."

Zilpah akatupa ganda la chungwa majini. Likateleza ubavuni mwa boti, likapita omo kule mbele, likaenda zake. Bahari ilikuwa imeanza kupwa tangu nilipotoa kibati cha kwanza, maji yakitoka na kuisukuma boti kutoka nyuma. Na sisi wawili, tuliozaliwa kando ya maji haya haya, tulisahau kwamba yanatembea.

"Mama, usimwambie mtu," Tsofa akasema.

"Nitamwambia kila mtu."

Tukangoja maji yasimame. Mnunuzi wa vyuma akafika na mkokoteni wake, akaukalia. Ganda la pili la chungwa lilipotupwa likabaki palepale, Tsofa akawasha injini.

Themanini na nane.

Zilpah akagonga kioo cha mizani kwa kidole. Themanini na nane.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Nimeiongezea nguvu."

"Nauliza umefanya nini. Umetoa au umetia?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Vikatoka vibati vitatu. Kwenye kifuniko cha chai kulikuwa na kimoja ambacho sikuwahi kukiona maishani mwangu.

"Tufungue tuhesabu," akasema Tsofa.

"Asiiguse mtu," akasema Zilpah, akaenda kumwambia mnunuzi arudi na mkokoteni wake mtupu.

Dishon, mwenye boti nyingine hapo gatini, aliyaona yote kutoka mbali. Anataka yake niifanyie vivyo hivyo. Nimemkubalia. Nimemuuliza jambo moja tu: kesho maji yanaanza kutoka saa ngapi?