Hewa Itaelekea Wapi?

Miaka tisa nimepuliza maputo ya harusi za watu kwa shangazi yangu, mpambaji, huku nikisomea ualimu jioni. Siku nilipoitwa kufundisha kipindi kimoja cha majaribio, ukikubalika unaajiriwa, ukikataliwa unarudi kupamba, sikwenda na vitabu. Nilikwenda na maputo mawili, kibomba laini cha plastiki kilicho wazi pande zote mbili, na kibanio cha nguo.

Puto moja nililipuliza likatoshana na tikiti maji, jingine likaishia ukubwa wa chungwa. Nikayavisha kwenye ncha mbili za kibomba, katikati nikabana na kibanio.

"Nikiachia, hewa itatoka wapi iende wapi?"

"Kubwa litalijaza dogo!" darasa zima likaitika.

"Dogo litalijaza kubwa," nikasema.

Wakacheka weee! Nyuma kabisa, mkuu wa somo la fizikia, mzee aliyekuja kunipima, akavua miwani.

"Binti, penye hewa nyingi ndipo penye presha kubwa. Futa kauli hiyo kabla hawajaiandika."

Lakini mimi nikichokozwa sinyamazi, hata shangazi amekata tamaa.

"Samahani, mzee wangu. Jamani, nani amewahi kupuliza puto? Pumzi ipi ngumu?"

"Ya kwanza!" akapayuka msichana wa dawati la mbele. "Mashavu yanauma!"

"Ikishapita hiyo?"

"Linajaa lenyewe tu!"

"Eeh! Puto dogo limejikunja sana, mpira wake unaiminya hewa kwa nguvu. Likitanuka, mkunjo unalegea na presha ndani inashuka. Hupanda tena mwishoni, mpira unapokaribia kupasuka."

"Maneno matupu hayavunji mfupa," akasema mzee. "Achia tuone."

Nikaachia.

Kwa sekunde moja hakuna kilichotokea. Kisha chungwa likaanza kunywea. Likanywea, likanywea, hadi likawa ndimu, na tikiti likanenepa! Watoto wakapanda juu ya madawati, wakapiga meza. Nami sifichi, niliruka, tena nikapiga kigelegele kisichofaa kabisa darasani.

Mzee akaja mbele. Akaniambia nilipulize dogo upya, na safari hii kibanio akakishika mwenyewe. Akaachia. Dogo likanywea tena mbele ya macho yake.

Akabaki ameliangalia. Furaha yote ikanitoka. Nimemwaibisha mtu mzima mbele ya wanafunzi wake, nikawaza, basi kazi imeota mbawa.

"Miaka ishirini na sita," akasema polepole, "nimewafundisha watoto wa watu kinyume chake."

Yule msichana wa mbele akashusha macho.

Mzee akamwomba asogee, akajipenyeza dawatini kando yake, magoti yakagonga mbao. Akamwomba na karatasi moja. Kisha akainua mkono juu, akasubiri nimruhusu.

"Mwalimu," akasema, "nina swali."