Kiti cha Mbele

Wafanyakazi walimbandika jina la Bwana Tarehe. Alianza kazi nyuma ya kaunta, akapanda hadi akawa mkurugenzi wa maduka ya dawa mji mzima, lakini mikono yake haikujua kutulia. Akiingia dukani, hata kabla ya salamu, ameshaanza kupekua rafu: dawa inayokaribia kuisha muda aivute mbele iondoke kwanza, mpya airudishe nyuma isubiri. Hata makopo ya jikoni kwake hayakusalimika.

"Baba, hapa si dukani!" mkewe alikuwa akifoka.

Siku ya mkutano mkuu wa kampuni alielekea kiti chake cha siku zote, nyuma kabisa karibu na mlango, ainuke apendavyo. Akakuta naibu wake amekikalia, binti ambaye mzee mwenyewe alimfundisha kazi.

"Shikamoo, mzee. Leo bodi imekuwekea kiti mbele kabisa. Tena kina mto!"

Akaenda, akaketi kando ya mkewe, aliyealikwa pia siku hiyo. Akakunja nne, akaikunjua, akatazama saa, akageuka. Huko nyuma naibu na vijana wenzake walikuwa wametulia tuli, wanasubiri.

"Hebu tulia basi," mkewe akamnong'oneza. "Watu wamekuheshimu, wamekuleta mbele."

Miguu yake ikaacha kucheza.

"Mama," akasema polepole, "hivi mimi huwa naweka nini mbele?"

Mkewe akafungua mdomo amjibu, akakumbuka makopo ya jikoni, akamshika mkono.