Dakika Tisa za Arpi

Kijiko kiligonga kikombe jikoni kabla hakujapambazuka. Nikamkuta mjukuu wangu Nvard, wa miaka kumi na miwili, akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Bibi, leo utamshangilia nani?"

"We mtoto! Wewe, nani mwingine?"

"Arpi, basi. Kila Jumamosi unamkatia yeye kipande kikubwa cha gata, ule mkate wetu mtamu."

Arpi ni mtoto wa jirani. Niliwafundisha wote wawili sataranji kwa ubao mmoja, hapa hapa mjini Gyumri. Arpi hushika haraka, nami sikuuzuia ulimi wangu kumsifu. Sikujua kila sifa ilimchoma mwenzake.

Raundi ya mwisho ya mashindano ya vijana ikawakutanisha. Sisi wazee tulichungulia kupitia kioo cha mlango. Arpi alikuwa anashinda. Akasogeza kete ya ngome, akaandika hatua yake kwenye karatasi, akasahau kubonyeza saa ya mchezo ili dakika zake zisimame. Alibakiwa na dakika tisa. Akatulia kumngoja Nvard acheze, kumbe zinazokwisha ni zake.

Kwa sheria, Nvard hakulazimika kumwambia. Aliweka mikono chini ya meza, akakunja uso kama anayefikiri. Dakika tisa nzima. Niliona aibu, lakini sikuweza kuondoka.

Muda ukaisha, Nvard akapewa ushindi. Arpi akampa mkono, akafuta macho kwa sweta, kisha akazirudisha kete mahali pake ili waupitie mchezo pamoja, kama wachezaji wafanyavyo. Mlango ulipofunguliwa nikasogea karibu.

"Nionyeshe," Arpi alikuwa anasema. "Hapa ungetokaje?"

"Nisingetoka." Nvard akaisukuma saa kando. "Arpi, niliiona saa."

"Nilijua muda ulipoisha. Wewe ukifikiri kweli huwa unang'ata nywele. Leo hukuzing'ata."

"Sasa mbona hukunisema?"

"Nikuseme mbele ya bibi yako? Wewe una wa kukuchungulia mlangoni. Mimi nina nani?" Akaanza kukusanya kete. "Hata hivyo Jumamosi siji."

Nvard alinitazama, akautazama ubao. Wivu haukuwa umemtoka; niliuona bado umekaa kwenye kidevu chake. Akamsaidia Arpi kuokota askari aliyeanguka.

"Njoo bwana," akasema. "Njoo tena Jumamosi. Lakini anayekaa karibu na bibi ni mimi."